Ukuta Ulioitika Saa Nne Asubuhi

Mmenisumbua vya kutosha. Nimesema mara tatu kwamba habari hii ni ya wifi yangu, aiandike mwenyewe, mkono anao na miwani anayo. Mkasema yeye akishika kalamu anachora waya tu. Ni kweli, anachora waya. Basi nimekaa, nimefunga mlango, naandika kwa mwendo wangu, na atakayetaka kunisahihisha herufi aje achukue kalamu hii na aandike yeye.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anaitwa na kila mtu Bi Sindano. Ana duka la kushona upande wa mbele wa nyumba tunayokaa sisi wawili: chumba kimoja, cherehani mbili, kioo kirefu kilichopasuka kona, na pazia la kubadilishia nguo. Nyuma ya pazia hilo kuna meza ya pili, na juu ya meza hiyo huoni kitambaa hata cha kufutia jasho. Kuna kifaa cha kulehemu, koleo, mita ya kupimia umeme, na makopo yaliyoandikwa "vifungo." Ukifungua kopo unakuta rezista, vile vipande vidogo vya ndani ya redio. Ukifungua jingine unakuta kapasita, zile bapa za kahawia, na kuna bwana mmoja aliwahi kuondoka hapa na shati safi kabisa lenye vifungo sita na kapasita moja. Hakurudi kulalamika. Nadhani alidhani ndio mtindo.

Ugonjwa huu ulimwanza miaka tisa kabla ya siku ninayotaka kuisimulia. Alikuwa anazungusha kitufe cha redio kuukuu, anatafuta muziki wa kushonea, akakamata sauti ya mzee inasema taratibu, "Rezista ya kwanza iweke kushoto. Sasa chukua ya pili." Bi Sindano akadhani ni mtu amerukwa na akili. Akaondoa mguu kwenye cherehani asikilize wazimu wake vizuri. Kumbe hakuwa mwendawazimu. Alikuwa fundi simu mstaafu, anakaa mbali, nyuma ya milima, na kila Jumapili saa nne asubuhi anafundisha hewani jinsi ya kujenga redio ya kuongelea kwa takataka: televisheni zilizokufa, balbu zilizoungua, simu zilizotupwa. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu wa Jumapili. Kila mwisho wa somo huuliza, "Kuna anayenisikia?" na wanaume wanne, kila mmoja kwenye redio yake, wanajibu kwa zamu.

Na Bi Sindano naye alikuwa anajibu. "Nakusikia, Mwalimu! Nakusikia vizuri!" Anaiambia redio ya kusikilizia tu! Ni sawa na kumpungia mkono mtu aliye kwenye picha.

Basi akaanza kujenga yake. Alisoma, akafanya mtihani wa leseni, akafeli, akaurudia, akapita. Leseni yake ya kuongea hewani ameitundika pembeni ya kioo, na wateja wanadhani ni cheti cha ushonaji. Redio yenyewe ilikua polepole ndani ya kopo la biskuti, kipande leo, kipande mwezi ujao, hadi ikawa inapokea sauti vizuri kuliko ile kuukuu. Ilibaki upande wa kurusha sauti. Hakuwa na haraka. Mwalimu alikuwepo kila Jumapili, kama ukuta wa nyumba.

Ukuta ndio uliotuharibia. Jumapili moja Mwalimu alimaliza somo, akakohoa, akasema: "Wanafunzi wangu, Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho. Wanangu wananihamishia kwao, ghorofani, huko hakuna pa kufunga waya. Sioni ubaya. Miaka tisa nafundisha, wanaojibu ni wanne, wale wale. Hao wengine, kama wapo, ni sawa na kuongea na ukuta."

Bi Sindano alikuwa na pini nne mdomoni. Akazitema zote.

"Ukuta! Wifi, umesikia nilivyoitwa?"

"Nimesikia. Ukuta."

"Usirudie!"

Toka hapo hakulala usingizi wa mtu mzima. Kilichomuuma si kuitwa ukuta peke yake. Yule mzee angeshusha waya wake akiamini amemwaga maneno jangwani, na asingejua kamwe kwamba nyuma ya pazia fulani kulikuwa na mwanamke aliyemeza kila neno. Alikuwa na siku sita. Akaandika kwenye kipande cha katoni, "DUKA LIMEFUNGWA," akakipachika mlangoni.

Jirani akapita, akauliza kwa upole, "Kuna msiba?"

"Kuna transfoma," akajibiwa.

Hiyo transfoma ni pete nyeusi, ukubwa wa kifungo cha koti, unaisokotea nyaya mbili zilizopotwa pamoja. Ndiyo inayotoa sauti kwenye transista ya mwisho, kile kipande kinachoikuza, na kuipeleka kwenye waya wa nje. Bi Sindano aliisokota Ijumaa, vizuri, mbano sawasawa kama tarizi. Hata mimi nilisifu, na mimi sisifu ovyo.

Jumamosi asubuhi, majaribio. Pale pa kufunga waya wa nje alifunga balbu ndogo ya tochi. Ukibonyeza kitufe cha maiki na kuongea, nguvu ikitoka, balbu inawaka. Akabonyeza. Ndani ya kopo swichi ikalia *tik*. Akavuta pumzi, akaimba, "Aaaaaa!"

Balbu giza.

"Aaaaaaaa!"

Giza totoro. Jirani akagonga ukutani. "Mmeumia?"

Akapima umeme: unafika. Akabadilisha maiki, ambayo ilikuwa mkono wa simu ya mezani, akaweka mkono wa simu nyingine: giza. Akaigusa transista ya mwisho, ambayo ameifungia kipande cha mfuniko wa sufuria yangu ili ipoe. Mfuniko wangu mzuri! Akaruka na kidole mdomoni, maana ilikuwa ya moto kama pasi. Nguvu inaingia, haitoki, inageuka joto tu.

"Chukua redio ndogo," akaniambia, "nenda nayo jikoni, uitegeshe kwenye masafa yangu, uniambie kama unanisikia."

Nikaenda. Nikakaa juu ya ndoo, redio sikioni.

"Unanisikia?"

"Nakusikia!"

"Kwenye redio?"

"Hapana, dirishani!"

"Wifi, nitakupiga na hii mita!"

Nikawa nasogea hatua moja moja, kutoka jikoni hadi ukumbini, kutoka ukumbini hadi dukani. Nilipoiweka redio ndogo juu ya meza, karibu kabisa na kopo, ndipo sauti yake ikatoka humo, nyembamba kama ya mbu. Akaruka akanikumbatia. Sauti imezaliwa! Ila inafia kizingitini.

"Basi kosa liko mlangoni," nikasema. "Liko kwenye ile pete."

"Pete nimeisokota mwenyewe."

"Ndiyo maana nasema."

Akanuna hadi chakula cha mchana. Alifungua kila kitu isipokuwa pete. Alilehemu upya viungo ishirini vilivyokuwa vizima, akaushusha waya wa nje kutoka kwenye paa akaukagua inchi kwa inchi, wala haukuwa na kosa lolote. Pete hakuigusa. Ningemsema zaidi, lakini hata mimi sijawahi kukubali kwamba wali umeungua.

Jumapili ikaingia. Saa tatu na nusu Bi Sindano amekaa mbele ya kopo, shavu mkononi, mlango ukagongwa. Kijana mrefu, mrefu kama nguzo, suti nyeusi, mkono mmoja umeshika suruali kiunoni isimwanguke. Alikuwa mpambe wa bwana harusi, na harusi ilikuwa saa tano.

"Mama, naomba msaada. Kifungo kimeruka."

"Soma mlangoni."

"Nimesoma. Lakini mama, nikiachia mkono naaibika."

Bi Sindano akasonya, akampeleka nyuma ya pazia, akamtupia kipande cha bitana ajifunge, akapokea suruali. Akatunga uzi kwenye sindano, akaukunja uwe mara mbili, akazikutanisha ncha mbili, akazifunga fundo. Kama anavyofanya kila siku. Kama anavyofanya usingizini.

Mkono ukaganda. Akaliangalia lile fundo. Macho yakamtoka.

"Wifi," akasema kwa sauti ndogo. "Mwalimu alisema mwisho wa waya wa kwanza ufungwe na mwanzo wa waya wa pili."

"Ndivyo ulivyoandika."

"Ndivyo nilivyoandika! Lakini mkono wangu ulifunga mwanzo na mwanzo. Kama uzi! Nyaya zinasukumana, huu unakwenda, huu unarudi, zinauana humo humo ndani! Miaka thelathini nafunga fundo moja, mkono haukuniuliza!"

Suruali ikaruka upande wake, sindano ikining'inia. Kifaa cha kulehemu kikachomekwa. Kijana akachungulia kwenye pazia.

"Mama, kifungo…"

"Nyamaza, mwanangu, usinitikise."

Akafungua ncha, akazipima kwa mita ajue ipi ni ya nani, akazipanga upya, akalehemu. Saa nne kasoro dakika nane. Akafunga balbu, akabonyeza, akasema "Aaa" moja tu, ndogo, ya woga.

Balbu ikawaka. Ikawaka nyeupe! Ilipanda na kushuka na sauti yake, akicheka inacheka, akikohoa inakohoa. Tukapiga kelele, mimi nikazunguka na mita mkononi kama shada la maua. Na yule kijana naye akapiga kelele, hajui kwa nini.

Ndipo tukakumbuka kwamba waya wa nje ulikuwa bado uko chini, umelala uani kama kamba ya mbuzi, na muda wa kupanda paani hakuna. Sisi wawili tukamgeukia kijana, tukamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Ilichukua muda kufika.

"Hapana," akasema.

"Suruali yako iko kwangu," akasema Bi Sindano.

Saa nne kamili, majirani waliona mpambe wa harusi amesimama uani juu ya benchi, koti na tai juu, bitana ya rangi ya waridi chini, ameinua bomba la pazia lenye waya nchani kama mshika bendera.

Ndani, Mwalimu alifundisha somo fupi. Akauliza, "Kuna anayenisikia?" Wale wanne wakajibu kwa zamu, wa mwisho kwa kwikwi. "Basi asanteni, wanne wangu," akasema. "Nafunga…"

Bi Sindano akabonyeza. Alikuwa ameandika maneno mazuri, ya heshima, na namba yake ya leseni juu kabisa. Yote yakayeyuka.

"Mimi si ukuta!"

Akaachia. Ikabaki shhhhh tu. 

"Kituo kinachoita," Mwalimu akasema polepole, "rudia. Ni mwanamke? Rudia tafadhali, wengine wote nyamazeni!"

Hapo akapata akili, akaitaja namba yake ya leseni, kila herufi na kila tarakimu, machozi yanadondokea kwenye kopo. "Nimekusikia miaka tisa, Mwalimu. Kila Jumapili. Nilikuwa nakujibu, ila nilikuwa sina mdomo."

"Na hiyo redio umeitoa wapi?"

"Kwako!"

Yule mzee akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa. "Transfoma ya mwisho," akasema, "ulifunga mwanzo na mwanzo?"

"Nani amekwambia?"

"Hata mimi nilifunga hivyo ya kwanza!"

Waliongea zaidi ya nusu saa. Nyuma ya sauti yake tulisikia honi ya gari, wanawe wamepakia vyombo, wanamsubiri. "Waache wapige," akasema. Akaeleza jinsi ghorofani anakopelekwa mwenye nyumba hataki kuona waya wowote nje, na ndiyo mwisho wa mambo.

"Dirisha lipo?" akauliza Bi Sindano.

"Lipo. Kubwa."

"Nipe vipimo vyake."

"Vya nini?"

"Nitakushonea pazia. Waya mwembamba naupitisha kwenye pindo, juu, pembeni, chini. Mwenye nyumba ataona maua tu."

Hewa ikajaa vicheko vya wanaume watano. Halafu Mwalimu wa Jumapili, aliyefundisha watu miaka tisa, akasema kwa sauti ya mwanafunzi, "Ngoja nichukue kalamu."

Uani, kijana akaita: "Mama! Saa tano!"

Alifika harusini amechelewa, na kifungo nilikishona mimi, cha kijani, sikuona kingine. Pazia lilikwenda kwa basi Alhamisi. Mwalimu siku hizi anasikika kama mtu aliye ndani ya mtungi, lakini anasikika, na wanaomjibu wamefika saba.

Haya, nimeandika, mkono unaniuma. Sasa zamu yako, wewe unayesoma. Juu ya kabati lako kuna kinasa sauti cha kaseti kilichokufa, kimefunikwa vumbi, unasema utakitengeneza. Hutakitengeneza. Usiniambie huna, kila nyumba ina chake. Panda kiti, kishushe, kilete mlangoni kwetu, na waya wake wa umeme usiukate. Naanza kujenga redio yangu, na sitaki kuomba kitu kwa wifi.