Fremu ya Rula

Fundi bodi mmoja, waliyemwita Rula kwa kupimapima kila kitu, aliapa kulifufua gari la marehemu baba yake. Sakafu ilikuwa imeoza, na ukiikata ovyo bodi hujikunja. Kwa hiyo alichomelea fremu nzito ya vyuma, akalifunga gari juu yake kwa bolti, kila nguzo ikifuata kipimo cha gari lenyewe.

"Mwanangu, hilo ndilo lililomuua baba yako," mama alisema. "Liache."

"Mama, nimelipima mpaka basi!" alijibu, mbishi kama nini.

Miezi minane baadaye liling'aa. Shemeji yake akampakia mama, wakaenda kulijaribu barabarani. Rula alibaki kuivunja fremu. Kwa mazoea tu, akavuta futi kutoka pembe hadi pembe. Akapima na pembe zile nyingine. Vipimo viwili vilivyopaswa kulingana vilipishana vidole vitatu.

Fremu ilikuwa imepinda, kwa kuwa gari alilolipima lilipinda siku ile baba alipotumbukia nalo mtaroni. Upogo ule ule ameuchomelea upya, imara kabisa. Gari la hivyo likikimbizwa huvuta kushoto, na shemeji hajui kuendesha polepole.

Akampigia. Simu ikaita hapo hapo, ndani ya koti la shemeji lililotundikwa msumarini.