Nilivyoezeka makuti juu ya mabati ili mke wangu arudi nyumbani (Likoni)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wapenda porojo wapite kando. Haya yamenipata mimi mwenyewe hapa Likoni, na wallahi sijatia chumvi.

Nyumba ninayokaa ni ya marehemu babangu. Kuta za mawe na chokaa, ukumbi katikati, juu makuti. Ilikuwa inavuja, lakini ukiingia saa saba mchana huna haja ya feni.

Sasa mwenzenu nina ugonjwa wa kusoma nyuzi za real estate. Nikajishawishi kwamba nyumba ya makuti haina resale value, yaani ukiiuza haikupi bei. Nikaezua makuti, nikapiga mabati mekundu. Ule uwazi kati ya ukuta na paa, uliokuwa unapitisha upepo, nikauziba kwa saruji ili nyumba ionekane ya kisasa.

Mtaa mzima ulinisifu. Nilikuwa nikivuka barabara makusudi ili niitazame vizuri.

Wakati huo mke wangu, Mwanaisha, alikuwa kwao Kisauni kwa arobaini ya uzazi. Kwetu mwanamke akijifungua huenda kwa mamake, akandwe na alishwe hadi apate nguvu.

Arobaini ikaisha, nikaenda kumchukua yeye na binti yetu. Nilikuwa na furaha mpaka nikapitiliza kituo cha kushukia.

Wiki haikuisha. Mtoto akatokwa na harara za joto shingo nzima, analia mchana kutwa. Mwanaisha akafunga mkoba, akavuka feri kurudi kwa mamake.

Hapo ndipo aibu ilipoanza. Arobaini ikipita na mke hayuko, watu hawakosi la kusema. Nikitoka msikitini naulizwa habari za mama mtoto. Mmoja akanishauri niende nikamwombe radhi mkwe. Radhi ya nini, na ugomvi hatukugombana?

Nikampigia simu mke wangu. Akanijibu kwa upole, "Sikukukimbia weye. Nimelikimbia bati lako."

Basi nikaamua kuweka ceiling ya gypsum na insulation ya kuzuia joto. Shati nikalipiga pasi, nikaenda benki kuomba mortgage. Dada wa pale, mwenye adabu zake, akaniomba hati. Nikampa karatasi za nyumba. Akaangalia, akauliza, na ardhi je?

Wakuu wa bara, hapa niwaeleze. Mitaa mingi huku nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine, na unamlipa kodi ya kiwanja. Tumezaliwa tukaikuta hivyo na hatuoni ajabu. Benki ndiyo iliyoona ajabu.

Nikang'amua kwamba hata mnunuzi wangu angenyimwa mortgage vile vile. Resale yote niliyokuwa nikiisoma iliandikiwa wenye title deed! Nilicheka peke yangu mpaka askari wa mlangoni akanitazama vibaya.

Siku moja nikapita Shelly Beach kumwona rafiki anayetunza nyumba ya wageni. Kwa nje paa ni makuti. Ukiingia ukatazama juu, mabati. Akaniambia bati ni la mvua, makuti ni ya jua. Nilitamani kujizaba kofi.

Fundi alikataa kwanza, akasema boriti zimeliwa na mchwa, hazitabeba. Tukabadilisha zilizooza, tukabomoa ile saruji ili upepo upite, ndipo tukaezeka makuti juu ya bati jekundu.

Majirani walinicheka hasa. Bi Fatuma wa nyumba ya pili alisema nimeivalisha nyumba kanzu juu ya suti.

Mwanaisha akaja na mamake kukagua. Mkwe akatandika mkeka ukumbini, akamlaza mtoto, na jua la saa saba liko juu yetu. Mimi nimesimama kando kama niko kwenye interview.

Mtoto akapiga mwayo, akalala.

Mara hodi. Bwana mmoja kutoka Nairobi, anatafuta nyumba ya mapumziko, ameliona paa tangu barabarani. Nikamwambia wazi kwamba ardhi si yetu. Akasema analijua hilo, na atalipa taslimu. Bei aliyoitaja ndiyo ile niliyokuwa nikiiota nikipiga mabati.

Nikaingia ndani kumnong'oneza mke wangu. Hata hakugeuka, macho kwa mtoto.

"Mwambie nyumba ina mwenyewe," akasema, "na amelala."

Nikatoka, nikamwambia yule bwana hivyo hivyo.

Nilichojifunza ni kwamba nyumba ikarabatie walio ndani, si mnunuzi ambaye humjui hata jina. Na kabla hujaenda benki, ujue umesimama kwenye ardhi ya nani.

Aliyewahi kununua kiwanja kutoka kwa mwenye ardhi wake anipe maarifa, nataka kuanza hiyo safari. Na nyinyi wa mabati mekundu, joto huko likoje? Semeni kweli.