Gauni la Vipande Vitatu

Mtaani walimwita Mkono wa Birika, na fundi mwenyewe aliitika. Miaka kumi na tisa kwenye cherehani, hajawahi kumpa mtu hata kifungo cha bure. Mteja akileta mita tatu za kitambaa, yeye hukata kwa kubana, kisha husema, "Kimeisha chote, mama. Kimetosha kwa bahati tu." Kilichobaki kilikwenda kwenye gunia chini ya meza ya kukatia. Cha nini? Hata yeye hakujua. Alipenda tu kujua kwamba kipo.

Siku moja kabla ya sikukuu, mpwa wake wa miaka saba alikuja akasimama mlangoni.

"Mama yako kakutuma nguo?" akauliza fundi, akijiandaa kukataa.

"Hapana, mjomba. Mama kasema kwako tusiombe kitu. Nimekuja kuangalia za wenzangu."

Fundi akajifanya anatunga uzi, lakini tundu la sindano halikuonekana. Mtoto alipoondoka, akavuta gunia, akashona gauni: juu bluu, mikono ya maua, sketi ya njano. Akalipeleka mwenyewe kwa dada yake, akarudi kifua mbele.

Asubuhi mpwa akaja kujionyesha. Wanawake watatu walikuwa dukani wakichukua nguo zao. Mtoto akazunguka, sketi ikafunguka kama mwavuli.

"Hebu simama," akasema muuza maziwa. "Njano hii si yangu? Kile kitambaa kilichoisha chote?"

"Na maua ni yangu!" akadakia jirani yake. "Kumbe! Nami nikadhani nimenenepa."

"Bluu ni yangu. Za mwizi arobaini, fundi," akasema wa tatu, akicheka. Kicheko kile kilichoma kuliko tusi.

Mtoto hakucheka. Aliishika sketi kwa mikono miwili. "Mjomba, nilivue?"

Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Zawadi yake ya kwanza maishani, nayo ni mali ya watu.

"Usivue, mwanangu, umependeza," akasema muuza maziwa.

Fundi akaburuta gunia, akalimwaga lote sakafuni, akidhani kila mtu ataokota chake aende zake. Hakuna aliyeinama.

"Nina wajukuu wawili," akasema muuza maziwa. "Mkubwa ana mabega mapana. Usimbane."

Sikukuu nzima cherehani ililia, mlango wazi. Mpwa wake alikaa sakafuni akimchagulia rangi, na kila alipookota kipande aliuliza, "Mjomba, na hiki cha nani?"

Naye akajibu, kimoja kimoja, bila kuinua macho.