Meseji Iliyotoka Kwenye Simu Yangu Nikiwa Misani

Admin, nifichie jina, ila kisa usikipunguze. Wakristo wenzangu Tumsifu Yesu Kristu, ndugu zangu Waislamu Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 49, mjane, naishi Lizaboni hapa Songea. Niliishia darasa la saba, kazi yangu ni cherehani. Mnisamehe nikikosea kuandika. Mkono wangu mmoja una plasta, na simu hii nimeiazima kwa jirani. Sababu mtaiona.

Macho yangu yamechoka. Wateja wananitumia vipimo kwa meseji, nikawa nasoma kifua naandika kiuno. Mwanangu wa kwanza alipokuja likizo akaniachia kompyuta yake ya zamani. Akaniambia, "Mama, elekeza simu kwenye hicho kiboksi chenye madoadoa hapo kwenye kioo. Usitikisike." Nikabana pumzi kama napigwa picha ya kitambulisho. Mara meseji zangu zote zikaanza kushuka kwenye kompyuta, herufi kubwa, hata za mwaka jana. Nikafanya ishara ya msalaba, yeye akacheka. "Ukiandika hapa, inatoka kama umeandika kwenye simu. Hata simu ukiizima, hii inaendelea." Hilo la mwisho sikulitilia maanani.

Kati ya wateja wangu kuna mfanyabiashara wa korosho, mwenyeji wa Nakapanya ila amepanga hapa mjini, nitamwita Baba Zuhura. Alifiwa na mkewe. Aliniletea kitambaa cha sare za watoto wa madrasa, akarudi na kingine, na kingine, mpaka nikaona vitambaa vinawazidi watoto. Mwishowe akasema anataka kunioa. Nikamwambia aniache nisali kwanza, maana dini zetu ni mbili. Akajibu, "Basi tusali wote, wewe Jumapili mimi Ijumaa, tuone nani atajibiwa kwanza." Tulikuwa na mchezo wetu kwenye meseji. Mimi naanza "Asalaam aleikum," yeye anajibu "Tumsifu Yesu Kristu." Hatukuacha hata siku moja. Na nawaapia, hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Maongezi yetu yalikuwa barazani, watu wakituona.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hakupenda. Huyu ndiye aliyenishika mkono nilipofiwa. Alinilimia shamba, wanangu wamekua mikononi mwake. Lakini akaanza maneno: "Shemeji, kwenye boma la kaka yangu haliingii dume la Nakapanya." Nikaendelea kushona. Kompyuta ilipogoma kuwaka, akajitolea kuipeleka kwa fundi wake, mtaa wa Bombambili. Kila nikiuliza, jibu ni lile lile: "Fundi anasubiri kifaa, shemeji."

Jumapili moja nikaenda misa ya kwanza. Simu naizima kabla sijachovya maji ya baraka, ukoo wote unajua. Narudi, nasikia kelele uani kwangu: "Mwizi! Mwizi!" Nikakimbia nikijua cherehani yangu imekwenda.

Baba Zuhura alikuwa chini. Kanzu yake imelowa damu, kofia imeangukia kwenye sahani ya maji ya kuku. Vijana wawili wanamkanyaga mbavu. Shemeji ameshika mchi wangu, huo huo ninaotwangia kisamvu, anaushusha, anaunyanyua, anaushusha. Nilisikia mfupa ukilia. Majirani ninaosali nao jumuiya, mmoja ana nusu tofali mkononi, mwingine anapaza sauti, "Leteni tairi!" Nikajitupa juu yake. Mchi uliofuata ukatua kwenye mkono wangu. Nikapiga ukunga: "Si mwizi huyu, ni mgeni wangu! Niueni na mimi!" Ndipo wakarudi nyuma. Nilipomgeuza uso, jicho la kulia halikuwa jicho tena.

Hospitali, nikisubiri plasta, nikawasha simu. Nikakuta meseji iliyotoka kwangu wakati wa misa: "Njoo nyumbani haraka, nimezidiwa. Pita mlango wa uani." Na chini yake jibu lake: "Nakuja." Nikasema huyu ni shetani. Nikampigia mwanangu, akanielekeza mahali pa kutazama kompyuta iliyounganishwa na simu. Ikaonekana ile yetu, imetumika asubuhi ile ile. Fundi gani huyo wa Jumapili?

Nilimfuata shemeji. Hata hakukana. "Meseji imetoka kwako, shemeji, haikutoka kwangu. Chagua mwenyewe: ama yeye mwizi, ama wewe malaya."

Polisi wameandika mwizi. Simu ya Baba Zuhura ilipondwa kwa jiwe pale uani, kwa hiyo ushahidi uko kwenye yangu tu. Mama mkwe amekuja kunipigia magoti, mimi mkwe wake! Nikamnyanyua, akakataa kunyanyuka. "Mkamwana, nimeshazika mmoja. Huyu usinizikie gerezani. Iondoe tu hiyo kompyuta kwenye simu, nani atajua?"

Jana nilikwenda wodini. Zuhura aliponiona akanigeuzia mgongo, akasema, "Umekuja kummalizia?" Baba yake aliposikia sauti yangu akanyoosha mkono. Nikamwambia kwa kulia kwamba sikuandika mimi. Akasema kwa midomo iliyovimba, "Niliona hukunisalimia. Nikajua umezidiwa kweli, ndiyo maana nilikimbia."

Maneno hayo yameniumiza kuliko mchi.

Kesho naitwa kituoni kutoa maelezo. Nikisema ukweli, aliyenilelea wanangu anafungwa, bibi huyu anakufa kwa uchungu, na mimi jina langu litatembea Songea nzima. Nikinyamaza, mtu aliyekimbia kuja kuniokoa ataitwa mwizi mpaka anaingia kaburini, tena na jicho moja. Kuiondoa ile kompyuta ni kubonyeza mara moja tu. Rozari ninayo mkono huu, simu yangu iko mezani, na kila "Salamu Maria" ikiisha nakiona kidole changu kinaitazama.

Ndugu zangu, wa kanisani na wa msikitini, nishaurini, nifanye nini? Ila nijibuni hapa hapa. Kwenye simu yangu shemeji anasoma.