Jaribio la Dozi ya Mtoto
Ofisini walimwita Shangazi, ingawa kaka yake pekee alikuwa hajajaliwa mtoto. Jina lilimganda kwa kuwa alikuwa akiandika programu katika kampuni ile tangu enzi za meneja wa kwanza, na vijana waliokuja baadaye, wakikwama, walikimbilia mezani kwake. Hakuchukia. Siku hizi alikuwa amechoka tu, uchovu ule ambao hata usingizi hauutoi.

Nyumbani alikuwa na baba yake, aliyepooza upande mmoja. Kila asubuhi alimwogesha, akamvalisha, akamnywesha chai, mpaka wifi yake afike kushika zamu. Kwa hiyo Shangazi alipoingia kazini, mgongo wake ulikuwa umeshamaliza kazi ya kutwa.

Wiki ile walikuwa wakimalizia programu ya hospitali. Muuguzi anaingiza umri na uzito wa mgonjwa, programu inamtajia dozi. Kila walipobadilisha kitu, seva iliijenga programu upya na kuijaribu mara mbili, kwenye mifumo miwili ya kompyuta: kwanza kwenye Linux, waliyoitumia wao, kisha kwenye Windows, iliyotumika hospitalini. Kwenye Linux yote yalipita, kijani tupu. Kwenye Windows jaribio moja liligoma: dozi ya mtoto mchanga ilitoka kubwa kama ya mtu mzima.

Shangazi alikagua hesabu mstari kwa mstari. Hazikuwa na kasoro. Akabadilisha hiki, akatuma, akangoja seva ijikongoje: nyekundu. Akabadilisha kile: nyekundu vilevile. Ikafika mahali hata akiona kanga nyekundu imeanikwa uani, moyo unamshtuka.

"Shangazi, lizime hilo jaribio," alisema Twiga, kijana mrefu aliyeketi mkabala naye. "Seva ya Windows imezoea kutuzingua. Juzi juzi si ilipiga kelele bure, kumbe diski imejaa?"

"Hesabu ni zilezile," meneja akadakia akiwa mlangoni. "Mbili na mbili haziwi tano kwa sababu umehamia Windows. Na hospitali wananipigia simu hawanipi pumzi. Zima, tutalitazama baadaye."

Angekuwa na nguvu angebisha. Alizokuwa nazo zilimtosha kuandika mstari mmoja tu: kwenye Windows, jaribio hili lirukwe. Seva ikawa kijani kotekote. Twiga akapiga makofi, meneja akatangaza kwamba kesho wanakabidhi kazi, na Shangazi akaenda nyumbani jua likiwa bado kali.

"Kulikoni wifi? Wamekufukuza?" wifi yake alimtania.

"Bado hawajanikumbuka."

Wifi alikuwa akimpa mzee dawa yake. Alikata kidonge kwa kisu, akakikagua, akarudishia kipande kimoja kwenye pakiti. "Daktari alisema nusu," akaeleza, kana kwamba ameulizwa. "Nikimpa kizima, presha inashuka, anazimia." Shangazi alikaa akiutazama mkono wa baba yake, ngozi ile nyembamba, na raha ya kuwahi nyumbani ikamtoka yote.

Asubuhi iliyofuata hakwenda mezani kwake. Alisimama mapokezi, kwenye kompyuta pekee ya mezani yenye Windows iliyokuwa ofisini.

"Dada, nipishe kidogo," alimwambia dada wa mapokezi.

"Nina wageni wanakuja, Shangazi!"

"Nitawapokea mimi."

Akaiweka programu pale, akafungua folda ya majedwali ya dozi. Kwenye kompyuta yake ya Linux folda hiyo ilikuwa na faili mbili: moja ya watoto, iliyoandikwa "dozi" kwa herufi ndogo, na nyingine ya watu wazima, "Dozi" yenye herufi kubwa mwanzoni. Mtu aliyeziita hivyo alishahama kazi kitambo. Hapa palikuwa na faili moja. Windows haikujali ukubwa wa herufi. Iliyaona majina yale kuwa jina moja, na faili ya watu wazima ikaikalia ile ya watoto. Hesabu zilikuwa sahihi kabisa, ila zilisoma jedwali la watu wengine.

Hakufurahi. Alikwenda moja kwa moja kumtafuta meneja.

Alimkuta yuko kwenye simu na watu wa hospitali, anacheka nao. "Programu isitoke," alimwambia. Meneja akaziba simu kwa kiganja.

"Nimeshawaahidi."

"Mtoto atapewa dozi ya mtu mzima. Njoo uone mwenyewe."

Walikwenda kuona, Twiga nyuma yao. "Ni mimi niliyesema lizimwe," Twiga alinong'ona.

"Na ni mimi niliyelizima," Shangazi akamjibu. "Tuendelee."

Meneja alirudi kwenye simu, safari hii bila kicheko. Shangazi akarudi mezani kwake, akabadilisha jina la faili, akaufuta ule mstari wa kuruka, akatuma. Jaribio likapita. Chini yake likatokea jingine, jekundu, la tarehe za miadi ya wagonjwa, lililoongezwa asubuhi ile, tena Windows hiyohiyo. Akanyoosha mkono kulifungua.

"Hili niachie mimi," Twiga alisema, akiinuka. "Nitalifanyia palepale mapokezi."

Alimwachia. Akatoka taratibu, akaketi kwenye kiti cha wageni pale mapokezi, akaegemeza kichwa ukutani.

"Unamsubiri nani, Shangazi?" dada wa mapokezi aliuliza.

"Simsubiri mtu," alisema, na macho yakajifumba.