Redio Iliyozimika Nyumbani

Mama Pindo alikuwa na wivu, na tusizungukezunguke. Si wivu wa nguo wala wa nyumba. Alimwonea wivu mdogo wake wa tumbo moja, mjane ambaye udongo wa kaburi la mumewe ulikuwa haujakauka. Utasema mwanamke huyu kapungukiwa akili. Ngoja kwanza, usimhukumu haraka.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Alikuwa fundi cherehani, na ukigeuza nguo aliyoipinda yeye, uzi huuoni ng'o. Alishonea sebuleni, cherehani imeelekea dirishani, na miaka yote ya ndoa yake, nyuma ya mgongo wake alikuwepo mume akiongea. Mtaa mzima ulimwita Redio. Mdomo wake haukujua likizo. Tena si kuongea tu, alikuwa anaigiza watu. Akimwigiza meneja wa kiwanda, unakiona mpaka kitambi. Akimwigiza mama mkwe, mama mkwe mwenyewe anacheka huku anatafuta kiatu cha kumrushia. Kila alipoingia kutoka kazini alisema neno lile lile mlangoni: "Fundi, punguza mbio, hiyo nguo haina miguu." Mama Pindo alikuwa anafyonza na kumwambia apunguze sauti, atamfanya ajichome sindano. Alisema hivyo kwa mdomo tu.

Redio na mume wa mdogo wake walikuwa wameoa nyumba moja, na kazi walifanya pamoja, kiwanda cha magodoro. Yule mwenzake walizoea kumwita Taratibu, maana neno lake lilikuwa na safari ndefu kabla ya kufika. Kwanza anakohoa kidogo, kama anayesafisha njia. Halafu, "Sasa sikiliza..." Na wewe unasubiri mpaka chai yako inapoa.

Siku kiwanda kilipoungua, Redio alikuwa ametoroka kidogo kwenda getini kuwachekesha walinzi. Taratibu alikuwa ndani, chumba cha kukatia sponji. Sponji na moto, unajua mwenyewe. Redio alikimbia kurudi ndani, walinzi wakamkamata, wakamlalia pale chini mpaka paa likaanguka mbele ya macho yake.

Basi moto ule ukagawa mafungu, wala haukugawa sawa. Seremala wa kona alichonga majeneza hadi akatafuta wasaidizi, akawa anaona haya kusalimiana na watu barabarani. Muuza chai wa getini, ambaye hakuungua hata unywele, alikosa wa kumwuzia, akafunga virago akahamia kwa shangazi yake. Mdogo wake Mama Pindo akabaki mjane. Na Mama Pindo? Mama Pindo alipewa hongera.

Hapo ndipo palipouma. Kila aliyekuja kupimwa gauni alisema, "Wewe una bahati, wako katoka mzima." Katoka mzima, ndiyo. Kakaa kwenye kiti nyuma ya cherehani, mikono magotini, hasemi. Daktari alimmulika koo, akasema koo halina neno. Ukimuuliza utakula, anatikisa kichwa. Ukimuuliza unaumwa wapi, anatikisa vile vile. Watani wa mtaani walisema Redio imeisha betri, wakacheka kidogo, halafu wakaacha kupita.

Kwa mdogo wake, watu hawakauki. Huyu kaleta viti, yule kachota maji, mwingine kaja kumshika mkono tu. Pole asubuhi, pole jioni. Mama Pindo ndiye aliyemshonea nguo za msiba, akazipinda vizuri kuliko za bibi harusi, na kila mshono roho ilikuwa inamuuma. Yeye hakuna aliyempa pole. Angeanzaje kuiomba? Jamani, na mimi nimefiwa, ila marehemu wangu bado anakunywa chai? Watu wangemfunga kamba.

Siku zikaenda, Redio akaanza kutoka alasiri. Anavaa viatu, anaondoka, anarudi jua likizama, yupo kimya vile vile. Mama Pindo alifurahi, akajua mwili unarudi. Mpaka dobi wa jirani alipokuja kuazima pasi.

"Mumeo ana utu," dobi akasema. "Kila siku namwona anaingia kwa mdogo wako kumfariji."

Mama Pindo alimpa pasi bila kumtazama. Hakujua. Kumbe ule wivu wa kwanza ulikuwa mtoto, sasa ndiyo amekuja mama yake. Mdogo wake bado kijana, bado mzuri hata akilia. Mikono gani inayoshikwa huko? Akaacha gauni la mtu lina mkono mmoja, akatoka na futi yake ya kupimia shingoni.

Alifika, akasimama nje karibu na pipa la maji, chini ya dirisha. Akasikia kikohozi kidogo. Kisha, "Sasa sikiliza, mke wangu..."

Akashika ukingo wa pipa. Alikuwa Taratibu.

"Hiyo bawaba ya mlango... usiisukume kwa nguvu. Jumapili... nitaitengeneza."

"Ulisema hivyo hivyo Jumapili ile," mdogo wake akajibu, akacheka, na katikati ya kicheko akalia.

Mama Pindo akachungulia. Redio alikuwa amekaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, kidole kikigonga goti kama alivyokuwa anagonga marehemu. Mdogo wake alikuwa mbali, upande wa pili wa chumba, ameegemea ukuta, macho kayafumba.

Hakukuwa na mikono iliyoshikana. Ingekuwepo, angejua pa kuanzia, futi alikuwa nayo. Lakini hili? Mwenzake kafiwa na mume, sauti ya mume anayo. Yeye mume anaye, sauti imehamia kwa watu. 

Akaingia. Redio akainamisha kichwa, akawa yule wa kwenye kiti cha nyumbani.

"Dada," mdogo wake akasema, akijifuta uso. "Mimi ndiye niliyemwomba. Nilikuwa naanza kusahau alivyokuwa anasema. Usimkataze, dada. Nakuomba."

Mama Pindo alitaka kusema, nirudishie changu. Alimtazama mdogo wake, shingo imebaki mifupa ndani ya nguo aliyomshonea mwenyewe.

"Hiyo nguo imekuwa kubwa," akasema. "Kesho uilete niibane." Akageuka akaondoka.

Redio alirudi jua likizama, akakaa mahali pake. Mama Pindo alikanyaga cherehani kidogo, akaacha. Hakugeuka.

"Kwa mwenzangu unamwigiza Taratibu," akasema. "Sawa. Na mimi niigizie mtu."

Sauti ikauliza nyuma ya mgongo wake, "Nani?"

"Mume wangu. Watu walikuwa wanamwita Redio."

Kiti kikalia. Mama Pindo aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Huyo," Redio akasema, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango uliokaa bila kufunguliwa, "huyo simpati."

Machozi yakamdondoka Mama Pindo juu ya kitambaa cha mteja. Akayafuta kwa kiganja, akayasambaza zaidi.

"Mimi nampata," akasema. "Akiingia hapo mlangoni alikuwa anasema, Fundi, punguza mbio, hiyo nguo haina miguu. Sema."

Redio akakohoa kidogo. "Sasa sikiliza, fundi... punguza..."

"Huyo ni shemeji," Mama Pindo akamkata. "Huyo mwache kule kwa mwenyewe, alasiri kwa alasiri, sitakuzuia. Hapa nataka wangu. Nenda mlangoni uingie upya."

Redio akainuka. Akaenda mpaka nje ya kizingiti, akasimama huko, mgongo wake ukionekana. Mama Pindo akashika gurudumu, akaanza kushona mbio, sindano tupu isiyokuwa na uzi, ili mtu akiingia apate cha kusema.