Jibu la Atupele

Siku moja kabla ya vita, Atupele alisonga ugali wa semolina, na Baraka akaenda kula kwake badala ya kwangu. Hivyo ndivyo ninavyoikumbuka siku ile.

Tulikuwa Watanzania watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, tukisomea udaktari mashariki mwa Ukraine: Atupele wa Igawa, Baraka wa Iringa mjini, na mimi wa Kalenga. Mimi ndiye niliyemjua Baraka kwanza, tangu sekondari. Nilidhani hilo lina uzito.

Mabomu yalipoanza tulihamia stoo ya chini ya nyumba, pamoja na bibi mwenye nyumba, ambaye mwanawe alikuwa mstari wa mbele. Redio ilizungumzia silaha za nyuklia, kama zitatumika au la. Bibi alisema nchi yake iliwahi kuwa nazo ikazisalimisha, na kwamba angekuwa na moja leo angeirusha, mwanawe arudi.

Baraka akatuuliza sisi tungefanyaje. Nilisema ningeirusha, vita ingekwisha, wengi wangepona. Mpaka leo silioni kuwa jibu la kijinga.

Atupele alikuwa akimsugua bibi miguu iliyokufa ganzi.

"Na kule ng'ambo ya mpaka kuna mama amejificha chini ya nyumba kama sisi," alisema. "Huyo nimwambie nini?"

"Mwambie wao ndio walioanza," nilisema.

"Na mjukuu aliyempakata, naye nimwambie hivyo?"

Bibi hakukubaliana naye, lakini alimshika mkono akalia. Baraka alimtazama Atupele kwa macho niliyoyangoja miaka. Wivu ulinishika hadi nikasahau baridi.

Kesho yake maji yaliisha.

Atupele alichukua ndoo. Baraka aliinuka amfuate, lakini Atupele akamwambia abaki na bibi.

Kombora lilianguka uani.

Baraka alitoka mbio. Mimi nilimkumbatia bibi, asione.

Tulimzika Atupele kwao Igawa, malori ya kwenda Tunduma yakipita barabarani. Mama yake alimpokea Baraka kama mkwe. Mimi nilipelekwa jikoni kupakua chakula.

Baadaye Baraka alinioa. Ni mume mwema, na tunafanya kazi pamoja Mbeya. Kuhusu bomu, sijui nani kati yangu na Atupele alikuwa sahihi. Ningependa tubishane tena, kwa sababu nina hoja mpya. Lakini aliyekufa hashindwi ubishi, wala hazeeki, wala hamuudhi mume wa mtu.

Kila mwaka tunakwenda kusafisha kaburi. Mimi nang'oa majani upande wa miguuni. Upande wa kichwani namwachia Baraka.